Mpishi Chini ya Longonot

Eddah Kafedha alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni huko Kisauni, na kwa miaka mingi wanafunzi walimjua kwa jina la Mama Jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti inayosikika kutoka jikoni mpaka uwanja wa mpira. Alitoka kwao Kaloleni akiwa mke mpya, akaletwa Frere Town katika chumba cha kupanga, na haikupita miaka mingi mumewe Randu, aliyekuwa fundi mwashi, akaenda Malindi kujenga nyumba za watu. Akakaa huko huko na mke mwingine. Hakurudi hata kuchukua mwiko wake wa kupigia plasta. Eddah akabaki na mtoto mmoja, Morgan, na sufuria za watu wengine.

Morgan alikuwa na kichwa chepesi. Shule ile ikamchukua kwa kuwa mama yake alikuwa mtu wa pale, na Eddah akashukuru Mungu kwa magoti. Hakujua kwamba hapo ndipo alipoanza kumpoteza. Maharagwe yakiwa na mchanga, Morgan ndiye aliyeulizwa. Sima ikiungua, Morgan ndiye aliyechekwa. Naye Eddah, kwa kudhani anampenda, kila mtoto wake alipofika mbele ya foleni alimzamishia upawa mpaka chini amtolee mnofu. Siku moja Morgan akaurudisha ule mnofu ndani ya sufuria, darasa zima likitazama.

"Nipe kama wengine, mpishi," akasema.

Wanafunzi wakacheka. Eddah naye akacheka, maana hakujua afanye nini na uso wake.

Morgan alipofaulu kwenda chuo kikuu alichagua kusomea miamba. Eddah hakuelewa mtu anasomaje mawe, lakini aliwatangazia watu wote wa Frere Town kwamba mwanawe anasomea mawe, na aliyecheka alikosana naye. Baadaye Morgan akapata ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, na aliporudi alijiunga na kundi la watafiti waliouchunguza mlima Longonot, ule ulio kwenye Bonde la Ufa karibu na Naivasha. Mlima wenyewe ni volkano. Umelala, lakini chini yake bado mna moto, na kazi ya Morgan ilikuwa kuchimba ubavuni mwake na kusoma majivu ya zamani ili kujua uliwahi kulipuka lini na kwa nguvu gani.

Alikuja nyumbani mara moja tu baada ya kurudi kutoka ng'ambo. Mfukoni alikuwa na jiwe la kijivu, jepesi kama mkate uliokauka, lenye vitundu vitundu. Alikwenda kuoga akaliacha mezani. Eddah alipoliona alifurahi, akijua ni zawadi yake, akalitia kwenye beseni la maji, likaelea, akaketi mlangoni akaanza kusugulia visigino vyake. Morgan alitoka bafuni akampokonya.

"Hili lilirushwa angani na mlima kabla hajazaliwa babu wa babu yako, nawe unasugulia gaga?"

"Sikujua, mwanangu."

"Hujui kitu."

Alikuwa amesema angekaa mpaka Jumapili. Aliondoka kesho yake asubuhi.

Tangu hapo wakawa ni watu wa simu, na simu zenyewe hazikuwa na nyama. Hujambo, sijambo, umekula, nimekula, haya Mama, niko kazini. Eddah alikuwa akishika simu hata baada ya kukatwa, akiitazama kama itaongeza neno. Mpaka siku moja, kwa kukosa la kusema, akauliza, "Na huo mlima wako haujambo?"

 Morgan akaanza kueleza. Akaeleza juu ya setilaiti zilizo angani, zinazopima ardhi, na jinsi zilivyogundua kwamba miaka michache nyuma Longonot uliwahi kuinuka kiasi cha upana wa kiganja cha mtu, bila mkaazi yeyote wa pale kutambua, kisha ukatulia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya yule mtoto aliyekuwa akimfuata jikoni kabla hajaanza shule, akimsimulia alivyoota. Eddah hakuelewa hata nusu, lakini moyo wake ulielewa kwamba mlango umepatikana.

Kesho yake akamngojea Mwalimu Mwidani, mwalimu wa jiografia, mtu mpole wa Kwale aliyezoea kuja jikoni kunywa chai baada ya chakula cha mchana.

"Mwalimu, nifundishe volkano."

"Wewe, Mama Morgan? Unataka kufanya mtihani?"

"Nataka kuzungumza na mwanangu."

Mwidani akaweka kikombe chini. Akatazama huku na huku jikoni, akaona sufuria ya uji inatokota, akamwita asogee.

"Tazama. Uji mwepesi ukichemka, pumzi inapanda, inatoka, basi. Unamwagika taratibu tu ukifurika. Hiyo ni milima ya lava nyepesi. Sasa uache uzidi kuwa mzito. Unaona? Pumzi inakwama. Inavimba, inatafuta pa kutokea, kisha…"

Uji ukapasuka, ukamrukia mkononi. Akaupangusa akicheka.

"Ndiyo Longonot hiyo. Lava yake ni nzito. Haimwagiki kwa upole, inalipuka, inarusha majivu mpaka mbali."

Ndivyo walivyofanya muhula mzima. Eddah akajua kwamba mlima wa namna ile hujijenga wenyewe kwa matapishi yake, lava juu ya majivu, majivu juu ya lava, mpaka ukawa mrefu. Akajua kwamba Longonot wa zamani ulikuwa mkubwa kuliko wa sasa, na kwamba baada ya kutapika kwa nguvu tumbo lake lilibaki tupu, paa likakosa pa kuegemea, likaporomoka lote ndani, kama ardhi iliyo juu ya choo cha shimo inavyodidimia siku asiyoitarajia mtu. Ndani ya lile shimo kubwa mlima mpya ukaanza kuota, nao ndio huu wanaoupanda watu leo. Akajua kwamba mtafiti akichimba hukuta tabaka la majivu, kisha tabaka la udongo mweusi, kisha majivu tena, na kwamba ule udongo mweusi ndio miaka ya kimya, nyasi zilipoota na wanyama wakarudi wakidhani mambo yamekwisha.

Mengine aliyachanganya. Aliita mvuke moshi, na hesabu za miaka zilimponyoka, elfu ishirini ikawa laki mbili. Lakini alipompigia Morgan akauliza kama wamefika kwenye udongo mweusi, Morgan alicheka kwa furaha.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Redio," akasema, kwa kuwa aliona haya.

Wakaongea mpaka salio likaisha. Usiku huo Eddah hakupata usingizi kwa furaha. Wiki nyingi zilikwenda hivyo, na ilikuwa, kama alivyosema mwenyewe baadaye, ndiyo miezi mizuri ya uzee wake. Katika simu moja Morgan alitaja kwamba Agosti watakuja wageni kutoka ng'ambo na watapiga kambi chini ya mlima. Agosti shule hufungwa.  Eddah akanunua nazi, akaoka mikate ya mayai, akafunga maembe ya kuchelewa katika khanga mpya, akapanda basi la Nairobi, na kutoka Nairobi akaunganisha mpaka Longonot. Alitaka kumfanyia mwanawe jambo la kushtukiza.

Kambi ilikuwa kwenye uwanda wa vumbi jeupe, miti ya migunga huku na huku, na mlima umesimama nyuma yake na mikunjo yake iliyoshuka ubavuni kama nguo iliyotupwa. Palikuwa na mahema, meza ndefu na masanduku ya mbao yaliyojaa udongo. Wageni wazungu na vijana wa Kikenya walikuwa wameizunguka meza wakimsikiliza Morgan. Eddah akasimama kidogo amtazame. Alikuwa amenenepa, amefuga ndevu. Anapendeza. Kisha Morgan akageuka akamwona, amesimama na mzigo wake wa khanga, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi.

Uso wa Morgan ulifanya kitu ambacho Eddah hakukisahau. Haukukasirika. Ulimtazama kama unavyomtazama mtu asiyekuhusu anayekuja kukuuliza njia.

Mzungu mmoja mzee akauliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Morgan akajibu kwa Kiingereza hicho hicho, pole pole, kwa maneno mepesi ambayo hata Eddah aliyafahamu. Alisema, huyu ni mama aliyekuwa akitupikia shuleni.

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomfunga Eddah mdomo. Angesema nini? Kwamba hakuwapikia?

Msichana mmoja mrefu, mwenye miwani, akapiga makofi. "Mungu amekuleta! Mpishi wetu ametuacha tangu juzi, tumekuwa tunakula biskuti." Huyo alikuwa Caroline Mwende, mtu wa Machakos, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekecha majivu na kuyatazama kwenye darubini. Eddah aliona jinsi alivyomshika Morgan mkono wakati akisema, naye akamjua mara moja ni nani katika maisha ya mwanawe.

"Utatusaidia, Mama? Ni siku chache tu."

Eddah akamtazama Morgan. Morgan akatazama masanduku.

"Nitawasaidia," akasema.

Basi akapika. Aliamini kwamba Morgan angekuja nyuma ya hema wakiwa wawili, amwambie kwa nini. Hakuja. Alipopita jikoni alisema "asante, Mama" kwa namna ile ile waliyosema wengine, na "Mama" hiyo, iliyotoka kwenye kila kinywa pale kambini, haikuwa na thamani zaidi kinywani mwake kuliko kinywani mwa mzungu. Eddah akawapikia wali wa nazi, maharagwe, samaki wa Naivasha. Wakamsifu. Alimwekea Morgan mnofu mzuri, na safari hii Morgan akaula.

Siku ya pili mchana, wenzake wakiwa mashimoni, Caroline alikuja kumsaidia kumenya viazi. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi, wakaketi upande wa hema uliokingwa.

"Mama Eddah, wewe ulimjua Morgan akiwa mtoto. Mamake je, ulimjua?"

Kisu kikasimama.

"Mamake?"

"Hapendi kumtaja. Aliniambia tu kwamba alikufa Morgan akiwa kidato cha pili, na babake alishakufa zamani. Mimi naolewa naye, na sijui hata mama mkwe wangu alikuwa mtu wa namna gani."

Eddah aliendelea kumenya. Maganda yalikuwa yakitoka manene, nusu ya kiazi inakwenda nayo, naye alikuwa mtu wa kumenya kiazi ganda likawa jembamba kama karatasi.

"Nilimjua," akasema.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa mtu wa kelele. Ukimsikia anacheka ungedhani kuna ugomvi."

Caroline akatabasamu. "Alikuwa mzuri?"

"Hapana. Alikuwa wa kawaida tu. Hakusoma."

"Alimpenda?"

"Hakuwa na mtoto mwingine."

"Alizikwa wapi? Nataka siku moja anipeleke tuweke maua."

Hapo Eddah aliona anaweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alimkumbuka Morgan alivyosimama pale mezani, wazungu wazima wakimsikiliza, na akaona kwamba likitoka neno hilo hakuna atakayemsikiliza tena. Akalimeza.

"Kwao Kaloleni," akasema. "Chini ya mikorosho. Lakini kaburi halikujengewa, sijui kama utaliona."

Caroline aliondoa miwani akapangusa macho. Alimlilia, yule msichana. Akamlilia mbele yake, na Eddah ndiye aliyempigapiga mgongoni kumtuliza.

Jioni hiyo alimfuata Morgan penye masanduku, mbele ya watu, akasema kwa sauti yake ya jikoni, "Mwalimu, kesho naomba unipandishe mlimani. Nimetoka mbali, siwezi kurudi Pwani bila kuuona." Watu wakasema naam, mpandishe, amefanya kazi. Morgan hakuwa na njia.

Walianza kupanda kabla jua halijawa kali. Njia ilikuwa ya majivu laini, imechimbwa na mvua mpaka ikawa mifereji mirefu kuliko kimo cha mtu, na kila hatua mguu ulirudi nyuma. Morgan alitangulia kimya. Lakini walipofika penye ukuta wa mfereji uliokatika vizuri, hakuweza kujizuia. Alisimama, akaweka kiganja ukutani.

"Haya meupe ni majivu. Mlima ulikohoa mara moja, siku moja au mbili, yakaanguka yote haya. Hapa juu yake, udongo. Miaka ya kimya. Halafu hapa, tazama haya mawe mepesi, ukaamka tena."

"Huu mweusi ni kimya cha muda gani?"

"Huu? Karne kadhaa."

Akasahau kununa. Penye kupanda vibaya alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto, umekauka kwa vumbi. Eddah alikuwa anahema, magoti yanamuuma, na alikuwa na furaha. Hilo ndilo alilojichukia nalo baadaye, kwamba saa ile alikuwa na furaha kabisa.

Juu kabisa, ukingoni, ardhi ikakatika mbele ya miguu yao. Chini mlikuwa na msitu. Msitu mzima ndani ya mlima, kijani, umezungukwa na kuta za mawe pande zote, mpana hata mtu aliye ng'ambo ya pili angeonekana mdogo kama sisimizi. Katika ukuta mmoja mvuke mwembamba ulikuwa unatoka, kama mtu anapika humo ndani. Morgan alimwonyesha kila kitu. Mlima ulianza kujijenga yapata miaka laki nne iliyopita. Ule mkubwa wa zamani uliporomoka miaka elfu ishirini na moja nyuma. Majivu yaliyotapakaa nchi nzima ya chini yalikuwa ya miaka elfu tatu na zaidi. Na akamwelekeza ubavu wa kusini-magharibi penye ulimi mweusi wa mawe ambao majani hayajaufunika.

"Ile ndiyo ya mwisho. Yapata miaka mia na sitini hivi. Inasemekana Wamaasai waliishuhudia. Watu hudhani umekufa kwa sababu umenyamaza, lakini haujafa, Mama. Umelala tu."

Alisema Mama, na hapakuwa na mtu wa tatu.

"Na mimi nilikufa kwa nini?" Eddah akauliza.

Morgan akatoa mkono wake.

"Caroline amekwambia nini?"

"Ameniuliza nilizikwa wapi. Nataka kujua nilikufa kwa maradhi gani, nisije nikamwambia jingine."

"Tuteremke. Jua litakuwa kali."

"Kwa maradhi gani, Morgan?"

"Presha."

"Nilifia nyumbani au hospitali?"

"Sikusema."

"Uliniuguza?"

Morgan alitazama ndani ya mlima. "Nilisema nilikuwa na mitihani."

"Na maziko?"

"Nilisema sikuwahi."

Eddah akaketi chini, pale pale juu ya majivu. Kufa aliweza kukubali. Watu hudanganya, na huenda mtoto alikuwa na shida zake. Lakini uongo ule ulikuwa wake Morgan, aliutunga peke yake, angeweza kujipamba humo apendavyo, akajifanya alikesha kando ya kitanda, alibeba jeneza, alilia. Hata humo hakujipa taabu ya kuja kumzika.

Morgan akachuchumaa, akaanza kueleza haraka haraka. Ule ufadhili wa ng'ambo ulikuwa wa mayatima. Baba alishaondoka, kwa hivyo nusu ilikuwa kweli. Aliandika, wakamchukua, na tangu hapo kila mlango aliofunguliwa ulifunguliwa na maneno hayo. Yule mzungu mzee ndiye aliyempigania. Wazazi wa Caroline ni watu wa kanisa, walimhurumia, wakamkubali.

"Ukitokea wewe leo, mimi ni mwizi. Unaelewa? Kaa hivi hivi tu, Mama. Haikupunguzii kitu."

"Haya," Eddah akasema.

"Umekasirika?"

"Nisaidie kusimama. Watakuwa na njaa huko chini."

Aliteremka nyuma yake, akiteleza, akijishika kwenye mizizi, kwa kuwa Morgan alikuwa ametangulia tena na hakugeuka. Alipofika aliinjika maji. Siku ya kuvunja kambi Caroline alimpa sweta lake na mfuko wa nguo kuukuu, akachukua nambari yake ya simu ili amfundishe kupika wali wa nazi. Wazungu walimpiga picha. Morgan alimpa mkono.

Mwalimu Mwidani alimngojea jikoni siku ya kufungua shule.

"Umeuona?"

"Nimeuona. Una msitu ndani."

"Na Morgan? Alifurahi?"

"Alinipandisha mpaka juu."

Mwidani akamwona anachagua maharagwe ambayo yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa, akajimiminia chai. Harusi ilifanyika Machakos mwezi wa Desemba. Eddah alijulishwa ilipokwisha.

Mwaka uliofuata Caroline akampigia. Eddah alikuwa kwenye kibaraza cha jikoni, mvua za vuli zimeanza, wanafunzi wako darasani. Caroline alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka na kufurahi.

"Mama Eddah, nimejifungua. Msichana. Tumempa jina la mama yake Morgan, marehemu."

Eddah akafuta mkono kwenye khanga.

"Sasa nakuomba kitu. Sina mtu wa kunisaidia. Wewe ni mpishi, umelea, unajua kumkanda mtoto kama watu wa Pwani. Njoo ukae nasi. Tutakuangalia vizuri."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Eddah akasogeza simu karibu na kinywa, na lile neno alilolimeza kule kambini likatoka, bila hasira, kama mtu anayetaja jina lake dirishani pa afisi.

"Caroline, mama yake Morgan ni mimi."

Upande wa pili ukasikika mlango unafungwa.

"Najua, Mama," Caroline akasema. "Tulijua wote. Kambi nzima. Mna uso mmoja, nani asingejua?"

"Yule mzee wa kizungu?"

"Yeye ndiye aliyetangulia kusema. Alisema tusimwaibishe Morgan."

"Basi wewe ulikuja kuniuliza nini, pale kwenye viazi?"

"Nilitaka useme mwenyewe." Sauti ikaanza kutetemeka. "Nilikungoja. Nililia nikidhani utasema. Ungesema siku ile labda mambo yangekuwa mengine, lakini ulikubali, Mama, ukanitajia mpaka kaburi. Sasa wazazi wangu wameshaambiwa, kanisa limeshaombea roho yako, nitawaambiaje? Njoo tu. Wageni wakija utakuwa msaidizi. Tukiwa sisi wenyewe ndani ya nyumba, nakuapia, nitakuita Mama Mkwe."

Nyuma ya sauti yake mtoto akalia, kilio kikali, kikubwa kuliko umri wake.

"Mlete karibu na simu," Eddah akasema.

Caroline akamleta. Eddah akasikiliza mpaka mtoto akanyamazishwa kwa ziwa, akaisikia pumzi yake akinyonya. Alitaka kumwita. Lakini jina la kumwita lilikuwa lake mwenyewe, na hakuweza kulitoa.

"Mtafute mtu mwingine," akasema. "Mimi nina kazi."

Bado yuko Kisauni, jikoni pale pale, ingawa sasa kuna mwanamke wa pili anayemsaidia kunyanyua sufuria. Mtu akimuuliza kuhusu watoto, anasema ana mmoja, ana mjukuu pia, hajamwona. Haongezi. Morgan humpigia Jumapili moja moja. Hazungumzi juu ya mkewe wala juu ya mtoto. Huzungumza juu ya Longonot, jinsi walivyoweka vyombo vipya vya kusikiliza mitetemeko, jinsi walivyopata tabaka jingine la majivu ambalo hakuna aliyelijua. Anaeleza kwa ile sauti yake nzuri. Eddah huiweka simu juu ya meza, kati ya vitunguu, akaendelea kukata. Mara nyingine humaliza kikapu kizima kabla Morgan hajatambua kwamba anaongea peke yake.